Nani Ana Haki ya Kuvaa Chui?



Chui yuko kila fasi katika nchi yetu, isipokuwa porini. Tangu 2006 kichwa chake kiko kwenye nembo ya Jamhuri, kati ya pembe ya ndovu na mkuki, juu ya maneno matatu: haki, amani, kazi. Jina lake ndilo jina la timu yetu ya taifa. Wazazi wetu walimuona kwenye kofia ya Mobutu miaka na miaka. Hapa Tchomia watoto ambao hawajaona hata alama ya mguu wake wanajua kumchora vizuri. Mimi nilisoma historia, na swali ninaloleta leo ni hili: chui alifika namna gani kwenye karatasi za Leta? Jibu ni kwamba hakuanzia kwenye karatasi. Alianzia kwenye shingo ya mtu, kama pambo. Na mtu huyo hakujivalia tu. Alipewa, na waliompa walibaki na haki ya kumuuliza.

Jambo hilo la mwisho ndilo ninataka tulijadili. Kwa kulielewa vizuri, tuanzie mbali kidogo, Roma, halafu turudi nyumbani.

ROMA: MADINI YANA MIPAKA, MNYAMA HANA

Bronzi ni shaba nyekundu iliyoyeyushwa pamoja na bati. Inakuwa ngumu kuliko shaba tupu, inajaa vizuri ndani ya kalibu, na bei yake ilikuwa chini sana ya dhahabu na fedha. Ndiyo maana mafundi wa dola la Roma waliitumia kwa mapambo ya watu wa kawaida: pete, bangili, hereni, na vile vishikizo vya kufungia joho begani ambavyo leo vinajaa katika makumbusho ya Ulaya.

Kwenye bangili, nyoka alipendwa sana. Fundi alikunja fimbo ya bronzi mara mbili au tatu, akachonga kichwa upande mmoja na mkia upande mwingine. Kwetu sisi tuliokulia kanisani, nyoka ni adui wa Edeni, hapana mazungumzo. Kwa Mroma alikuwa mlinzi wa nyumba. Katika Pompeii, mji uliozikwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79 (watu wa Goma hawahitaji maelezo juu ya volkano), madhabahu mengi ya ndani ya nyumba yamechorwa nyoka chini ya miungu ya familia. Nyoka alikuwa pia mnyama wa Aesculapius, mungu wa uponyaji, na kwa njia hiyo mpaka leo yuko kwenye vibao vya farmasi, hata Bunia mjini. Aliyevaa nyoka mkononi alikuwa anaomba ulinzi na afya.

Katika karne ya 2, mafundi wa Galia, wa bonde la Rhine na wa Uingereza walitengeneza vishikizo vya bronzi kwa umbo la sungura, farasi, ndege na samaki, wakavijaza rangi za kioo kilichoyeyushwa. Askari, mchuuzi, mke wa fundi viatu, yeyote aliyekuwa na makuta kidogo alijinunulia mnyama wake sokoni.

Lakini angalia fasi sheria ilipoingia. Haikumkataza mtu kuvaa nyoka wala sungura. Ilikataza madini. Pete ya dhahabu ilikuwa alama ya maseneta na ya tabaka la pili, wale walioitwa wapanda farasi. Mwaka 23, wakati wa Tiberius, iliwekwa wazi: kuivaa ni lazima uwe umezaliwa huru, baba yako na babu yako vilevile, na uwe na mali ya sesterti 400,000. Wengine wabaki na chuma au bronzi.

Kuna bangili moja inayonifikirisha sana. Ilipatikana mwaka 2000 huko Moregine, karibu na Pompeii, kwenye mkono wa mwanamke aliyekufa siku zile za volkano. Ni nyoka wa dhahabu, karibu nusu kilo. Ndani yake kumechorwa maneno ya Kilatini yenye maana hii: kutoka kwa bwana kwa mjakazi wake. Fikiria. Nusu kilo ya dhahabu, mnyama wa ulinzi, na ndani, fasi inapogusa ngozi, maneno yanayomkumbusha huyo mwanamke kwamba yuko na bwana. Nyoka alitazamwa na wote. Maneno aliyajua aliyeivaa.

Kwa hiyo tuandike hivi: Roma ilifunga madini kwa sheria, ikamwacha mnyama huru. Sasa turudi kwetu tuone kama ilikuwa vilevile.

SHABA YETU

Kwanza tuondoe uongo mmoja ambao bado unatembea, eti kazi ya madini ililetwa na wazungu. Katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, huko Katanga, wachimbuzi wa mwaka 1957 na 1958 walikuta watu waliozikwa na bangili, mikufu na minyororo ya shaba iliyotengenezwa kwa ufundi wa kweli. Mengi ya makaburi hayo yako katikati ya karne ya 8 na nyakati za kabla ya Mreno wa kwanza kufika mdomo wa mto Kongo. Watu wale walikuwa wavuvi, watu wa ziwa kama sisi wa Tchomia. Mkoa wenyewe, wakati wa Zaire, uliitwa Shaba, na jina halikuwa la bure.

Karibu zaidi na Ituri, tuangalie Uele. Mwezi wa 3 mwaka 1870, Georg Schweinfurth, Mjerumani mtaalamu wa mimea, alifika kwenye makao ya Mbunza, mfalme wa Wamangbetu. Alikuja katika msafara wa wafanyabiashara wa Khartoum waliotafuta pembe za ndovu. Katika kitabu chake anamweleza mfalme akiwa amefunikwa shaba: mikononi, miguuni, shingoni, kifuani, vipande vya shaba masikioni, mkononi kisu cha shaba chenye umbo la mundu, na kichwani kofia ndefu yenye manyoya mekundu ya kasuku. Schweinfurth alishangaa, halafu akafanya mzaha akilinganisha mng'ao ule na jiko la tajiri wa Ulaya lenye sufuria safi. Mimi ninaona jambo lingine. Shaba haichimbwi Uele. Ile iliyokuwa kwenye mwili wa Mbunza ilitoka mbali, na sehemu ya biashara yake ilipita kaskazini, upande wa Darfur. Kila bangili ilikuwa inasema: mfalme huyu anajulikana mbali, njia za biashara zinafika kwake.

Lakini shaba iliweza kununuliwa. Aliyekuwa na pembe za ndovu alipata shaba. Mwaka 1873, miaka 3 tu baada ya ziara ile, Mbunza aliuawa na ufalme wake ukavunjika, na wafanyabiashara wa Khartoum walikuwa na mkono ndani yake. Shaba yote ile haikumlinda.

MENO YA MNYAMA

Safari ileile, Schweinfurth aliona kwa Wazande pambo ambalo kwangu linasema mengi kuliko shaba. Wanaume walivaa kifuani meno yaliyopangwa kama miale ya jua. Kwa macho ni meno ya simba. Kumbe ni pembe ya ndovu, imechongwa ifanane na meno ya simba. Jiulize: juu ya nini mtu achukue pembe ya ndovu, kitu ambacho msafara mzima ulitoka Khartoum kukitafuta, aigeuze jino la uongo? Mtu haigizi kitu kisicho na bei. Kwa mtu yule, alama ya mnyama ilikuwa juu ya thamani ya pembe.

Na hapo ndipo kwetu inageuka kinyume cha Roma. Jan Vansina, mwanahistoria aliyetumia maisha yake kwa historia ya Kongo, alionyesha katika kitabu chake cha 1990 juu ya watu wa msitu kwamba katika sehemu kubwa sana ya msitu wa Kongo, chui hakuwa mali ya aliyemuua. Mwindaji alipaswa kumpeleka kwa mkubwa wa kijiji, na mkubwa wa kijiji, kama kulikuwa na mkubwa juu yake, akampeleka kwake. Ngozi, meno na makucha vilipanda ngazi hadi vikafika kwa mwenye haki. Kwa kumfuata chui mmoja aliyekufa, ungejua nani anamtambua nani. Aliyejificha na ngozi alikuwa amefanya uasi.

Kwa hiyo shaba ilinunuliwa, chui hakununuliwa. Huku kwetu ni mnyama aliyefungwa kwa sheria.

BWAMI: KUVAA NI KUJIBU

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa Warega, wa Shabunda, Mwenga na Pangi. Hawakuwa na mfalme. Waliongozwa na bwami, chama chenye madaraja ambacho wanaume na wake zao walipanda hatua kwa hatua. Daraja la juu kabisa la wanaume ni kindi. Haikutosha kuwa na mali. Ulihitaji ndugu wa kukusaidia kukusanya mali ya sherehe, maana yake uwe umeishi nao vizuri, na ulihitaji tabia ambayo wakubwa wa chama wanaikubali. Mwenye pesa lakini mgomvi alikuwa na shida.

Mapambo yalifuata daraja. Mkia wa ndovu juu ya kofia: huyo ni kindi. Mkufu wa meno ya chui: vilevile ni wa wakubwa. Kila kitu kilikuwa na misemo yake, iliyofundishwa kwa wimbo na ngoma siku ya kupanda daraja. Daniel Biebuyck, aliyeanza utafiti wake kwao mwaka 1952, alieleza kwamba bila misemo hiyo kitu chenyewe kinakuwa bubu. Jino la chui halikusema tu kwamba mtu huyu ni mkali. Lilifundisha, na aliyelivaa aliweza kukumbushwa mafundisho yake mbele ya watu siku aliyokosea. Na hakuwa mwenye kitu kwa milele: alipokufa, vitu vya daraja vilienda kwa mwingine. Alikuwa mtunzaji.

Halafu kuna kakakuona, yule mnyama mpole mwenye magamba anayejikunja kama mpira. Kwa Warega ndiye aliyewafundisha watu kuezeka nyumba kwa majani, jani juu ya jani, sawa na magamba yake. Ilikatazwa kumuua. Akipatikana amekufa, au mtu akimuua kwa ajali, nyama yake haikuliwa kienyeji. Wakubwa wa bwami waliitwa, sherehe ikafanywa, kila mwenye fungu akapewa fungu lake. Mnyama mdogo asiyeng'ata mtu, na kijiji kizima kinasimama kwa ajili yake.

Hapa kwetu ziwani hatuna bwami, lakini mantiki hiyo tunaijua kwa mlango mwingine. Ng'ambo ya ziwa Albert, Wabito waliotawala Bunyoro wana mnyama wao, engabi, yule swala wa vichakani, na mtu wa ukoo huo hamli. Kwa upande wetu pia koo zina wanyama wao, na wazee wengi bado wanajua nani hali nini. Mrega alimbeba mnyama shingoni, Mbito alimkataa mdomoni. Njia mbili, neno moja: mnyama huyu ananidai.

1948: MAPAMBO YANAKUWA BUBU

Mwaka 1948 utawala wa Ubelgiji ulipiga bwami marufuku. Aliyeogopwa hakuwa chui wala kakakuona. Ni kwamba watu walikuwa na mamlaka ambayo hayakutoka kwa administrata, yenye kumbukumbu yake na baraza lake. Baada ya hapo vitu vilianza kutoka: vinyago vidogo vya pembe, kofia, mikufu. Vilinunuliwa, vilichukuliwa, viliuzwa tena, na leo viko Tervuren, Paris, New York, chini ya taa nzuri, na kibao kidogo kinachotaja madini, pembe, urefu kwa sentimita. Misemo haikusafiri navyo.

Februari 2022 serikali ya Ubelgiji ilimkabidhi Waziri wetu Mkuu orodha ya vitu karibu 84,000 vya Kongo vilivyo Tervuren. Ni hatua, na Kinshasa kuna makumbusho mapya ya taifa tangu 2019. Lakini ndugu zangu, tusidanganyane. Siku mkufu wa meno ya chui utarudi, nani atajua ulisema nini? Kitu kinaweza kurudi kwa ndege. Maana yake hairudi hivyo. Inakaa kwa bibi na babu walio hai, na hao hawatungoji.

CHUI WA LETA

Sasa turudi kwenye ile kofia. Mobutu alichukua madaraka Novemba 1965, na katika miaka ya 70, wakati wa siasa ya kurudia asili yetu, kofia ya chui ikawa alama yake. Watu waliielewa mara moja, juu ya mamia ya miaka ya mazoea: huyu ndiye mkubwa, chui amepanda ngazi mpaka kwake. Alama ilikuwa ya kweli. Kilichokosekana ni ngazi yenyewe. Kindi alivaa chui mbele ya watu waliompandisha na walioweza kumkumbusha msemo wake. Rais alivaa chui bila baraza lolote la kumwambia: mzee, hapa umepotoka. Alichukua pambo, akaacha deni. Matokeo yake wazazi wetu wanayajua kuliko mimi.

Chui wa nembo ya 2006 hayuko kichwani mwa mtu mmoja. Amewekwa juu ya maneno ya haki, amani na kazi, na mimi ninapenda kumsoma kwa njia ya zamani: hayo maneno matatu ndiyo misemo yake. Kila anayekaa chini ya nembo hiyo, kuanzia ofisi ya Kinshasa hadi ofisi ya sekta, anavaa chui kwa siku chache, na ana watu wa kumuuliza juu ya haki, juu ya amani, juu ya kazi. Kwa watu wa Ituri hilo haliko somo la darasani. Amani tunaitafuta kila asubuhi.

MSITU NAO UNADAI

Kuna deni lingine. Hifadhi ya Okapi, katika teritware ya Mambasa, iliundwa 1992, ikaingia katika urithi wa dunia wa UNESCO 1996, na mwaka uliofuata ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Humo wamo chui, ndovu na kakakuona, wanyama walewale wa mapambo. Magamba ya kakakuona yanauzwa kwa kilo, yasafirishwe Asia kama dawa, wakati magamba hayo ni kitu kilekile cha kucha zetu. Mwaka 2016 nchi za dunia zilikubaliana kuzuia biashara ya kimataifa ya aina zote 8 za kakakuona, na sisi tuna sheria yetu ya uhifadhi ya Februari 2014. Karatasi ziko. Lakini kijiji kilichosimama kwa ajili ya mnyama mmoja hakikuwa na karatasi. Kilikuwa na msemo ambao kila mtoto aliujua.

Siandiki haya ili turudi kuvaa meno. Chui aliyebaki abaki na meno yake. Ninaandika kwa sababu wengi wetu tunatafuta somo la memwari, na kila mwaka tunakwenda kunakili mambo ya mbali ambayo wengine wameshayaandika vizuri, kama yale ya bronzi ya Roma. Wakati huohuo, nyumba ya pili kutoka kwako kuna bibi anayejua.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa wadogo walio mwaka wa mwisho. Chukueni daftari, muende kwa wazee wa ukoo wenu, Wahema, Walendu, Wabira, Waalur, Wanyali, wote, mkaulize maswali matatu tu juu ya kila pambo na kila mnyama wa ukoo. Liliitwa nani, kwa lugha yenyewe? Lilikuwa na msemo gani? Na aliyelivaa, au aliyemkataa mnyama huyo, nani alikuwa na haki ya kumuuliza? Swali la tatu msilisahau. Mawili ya kwanza hata mzungu wa makumbusho aliuliza. La tatu linatuhusu sisi, juu ya chui bado anavaliwa, na uchaguzi hauishi kurudi.

Walio na jibu la ukoo wao waandike hapa chini, na jina la mzee aliyewaambia liandikwe tu kama mwenyewe amekubali. Tuanze na chui, halafu tutaona.